Tupeane uzoefu: wingi wa magari ulikusaidia kuchagua au ulikuvuruga?

Mwenye uzi: Wadau, natafuta gari langu la kwanza. Kila yadi ya Ngong Road ninayoingia, natoka na orodha ndefu kuliko niliyoingia nayo: Vitz, Demio, Fit, Note. Wewe ulichagua kati ya mangapi, na sasa umeridhika?

Mama Wawili, Embakasi: Niliagiza Japani. Ile sheria ya Kenya ya gari la kuagiza lisizidi miaka 8 nilidhani itapunguza kazi, wapi! Fielder peke yake zilijaa kurasa na kurasa. Gredi ya mnada, ile alama ya hali ya gari, 4 au 4.5? Nyeupe au ya kijivu? Yenye kamera ya nyuma au bila? Nikachukua nyeupe, gredi 4. Haijanisumbua hata kidogo. Lakini nikiwa kwenye msongamano Mombasa Road, ikipita ya kijivu yenye taa za ukungu, roho inaniuma. Mume wangu husema, "Mama, endesha yako."

Fundi wa Grogan: Mwenye Probox hanung'uniki. Alitaka kubeba mzigo na kupata spea kila kona, akanunua, kwisha. Anayenisumbua ni aliyezunguka yadi miezi mizima. Leo nimfungie kamera, kesho nimbadilishie rimu, ili lake lifanane na lile aliloliacha. (Na hizo rimu kubwa, kwa mashimo yetu haya, shauri yenu.)

Mwalimu Kasarani: Hilo lilishapimwa, ila kwa chokoleti. Mwaka 2000 Sheena Iyengar na Mark Lepper, Marekani, walichapisha utafiti ambao wengine walichagua kati ya aina 6, wengine 30. Wa 30 walifurahia zaidi kuchagua, lakini chokoleti yenyewe iliwaridhisha kidogo kuliko wa 6. Mimi mkopo wa Sacco ulinibakishia magari matatu tu. Nina Demio, na sitamani la mtu.

Kijana wa Rongai: Nawapinga. Mimi nilichagua kati ya moja! Mjomba anauza, mimi nanunua, undugu. Giaboksi ilianza kulia kabla logibuku haijapata jina langu. Ningepata hata la pili la kulinganisha, ningeshtuka mapema.

Mwenye uzi: Basi Fit na Note nimezifuta. Fundi, Jumapili una nafasi tukazikague Vitz na Demio?

Fundi wa Grogan: Ninayo. Beba pesa yangu ya ukaguzi, ile ya gari iache benki.