Esta ya heptanoli-2 hupoteza usafi wa kioptiki mmenyuko ukiachwa uendelee

Swali
Ndugu wanakemia, ninatengeneza esta yenye harufu ya matunda kwa heptanoli-2 ya rasemi (mchanganyiko nusu kwa nusu wa maumbo mawili, R na S, yanayotofautiana kama mkono wa kulia na wa kushoto) na vinaili asetati ndani ya heksani, nikitumia kimeng'enya cha lipasi B ya chachu ya Candida antarctica kilichofungwa kwenye punje za resini. Mwanzoni kromatografia ya gesi huonyesha esta ya R karibu peke yake, lakini mmenyuko ukiachwa usiku kucha ili mavuno yaongezeke, esta ya S nayo hujitokeza. Je, kimeng'enya kimechoka?

Jibu la kwanza
Kimeng'enya hakina kosa. Mfuko wake wa ndani una nafasi finyu inayopokea kundi dogo kama methili, ndiyo maana R hutangulia. S haikataliwi kabisa, ila huenda polepole sana. Chukua molekuli 100 za alkoholi, yaani R 50 na S 50. Ukifikisha ubadilishaji wa 60%, hata R zote zikiwa zimegeuka, esta 10 zinazosalia ni lazima ziwe za S, na ziada ya enantioma (kiasi ambacho R huizidi S, kwa asilimia ya esta yote) haiwezi kuzidi 67%. Hapo hata kimeng'enya kikamilifu hakikusaidii. Simamisha kabla ya nusu, kwa mfano kwenye 45%, kwa kuchuja punje. Hii ndiyo faida kubwa ya kukifunga kimeng'enya. Anayetaka alkoholi ya S inayobaki iwe safi ndiye anayevuka nusu.

Jibu la pili
Naongeza jambo moja ambalo wengi hulipuuza. Sumaku ya kukorogea husaga punje dhidi ya sakafu ya chupa, na unga wake hupenya chujio ukaendelea kufanya kazi ndani ya kimiminika unachodhani kimetulia. Tumia mashine ya kutikisa.

Muulizaji
Nawashukuru sana. Je, esta hii naweza kuiita ladha ya asili?

Jibu la pili
Kwa vinaili asetati, hapana. Katika Umoja wa Ulaya, Kanuni ya 1334/2008 hudai malighafi yenyewe itokane na mimea, wanyama au vijidudu, na hilo linaihusu heptanoli pia. Ukitumia asidi ya asetiki ya uchachushaji, mmenyuko utaweza kurudi nyuma, kwa hiyo ondoa maji kwa zeolaiti kavu (madini yanayonyonya maji), na asidi uitie kidogo kidogo, kwa kuwa ikizidi huzuia lipasi.