Bei ya kware: Plainview aliwaibia wale watu au alinunua kihalali?

Kisarawe Juu:
Wadau habari za usiku. Jana nimerudia kuangalia There Will Be Blood, ile ya 2007 ya Paul Thomas Anderson, Daniel Day-Lewis ndo steringi. Kwa ambao hamjaiona: jamaa anaitwa Daniel Plainview, anaanza 1898 anachimba fedha peke yake shimoni, anaanguka anavunjika mguu, anajikokota chini mpaka mjini mawe yake yakapimwe. Baadae anahamia kwenye mafuta. Mwaka 1911 kijana mmoja, Paul Sunday, anamuuzia taarifa kwa dola 500 kwamba kwao California mafuta yanavuja yenyewe juu ya ardhi. Plainview anaenda na mwanae mdogo H.W., wanajifanya wamekuja kuwinda kware. Wako porini mtoto anaona mafuta kwenye kiatu chake. Mtoto anauliza, hawa tutawalipa kiasi gani? Baba anamwambia siwapi bei ya mafuta, nawapa bei ya kware.

Hapo nikaisimamisha nikakaa kama dakika tano sijabonyeza kitu. Mzee Sunday, baba yake Paul, hakushikiwa bunduki, kauza mwenyewe. Lakini mwenzake anajua kilichopo chini yeye hajui. Je huu ni wizi au biashara? Mimi nasema wizi, kuwepo kwa makaratasi hakubadilishi kitu. Karibuni.

Mshumaa:
Mimi kwanza nikupongeze kwa kuikumbusha. Ile robo saa ya mwanzo hakuna mtu anaongea, ni nyundo na pumzi tu, na bado huwezi kutoa macho. Day-Lewis alistahili ile Oscar na pale hata waliokuwa wanashindana nae walijua. Ile sauti yake anavyoongea na wanakijiji, taratiiibu, kama mtu anamimina asali, afu macho hayacheki. Nilikuwa naangalia na mume wangu, kaniambia huyu mtu namjua. Nikamuuliza unamjua wapi, akasema nimeshafanya nae kazi. Alikuwa anaongelea bosi wake wa zamani.

Nguzo ya Nne:
Mleta mada, hakuna wizi hapo. Kwanza umesahau kitu, Eli Sunday, yule mchungaji ndugu yake Paul, alijua kuna mafuta. Pale mezani mzee wake anataka kuuza kirahisi, Eli ndo anaingilia anasema hapa kuna mafuta, na anataka dola elfu kumi za kanisa lake. Wakaishia kwenye ahadi ya elfu tano. Sasa mtu anajua mali yake, anapanga bei, anakubali, kaibiwa nini?

Taarifa ni mtaji. Plainview alilipia taarifa dola 500, akabeba hatari ya kuchimba, visima vingine vinaua watu kabisa tumeona. Angekuta pakavu nani angemrudishia hela? Haya mambo yapo hata hapa Dar, wenyeji wa Kigamboni, Chanika, Bunju, waliuza mashamba kwa hela ya ngoma na sare za shughuli, leo wanalia wageni wamewanyang'anya. Nani aliwalazimisha?

Mzee wa Pantoni:
Hapo kwenye ngoma na sare futa kauli kijana.

Binti Kibada:
Nilikuwa nasoma tu sikutaka kuchangia ila kaka Nguzo umenichoma.

Babu yangu mzaa mama aliuza eka mbili na nusu mwaka 2009, Kigamboni huku huku. Hakuuza kwa ajili ya ngoma. Bibi alikuwa na uvimbe tumboni anatakiwa upasuaji, na sisi tulikuwa na minazi, mikorosho na muhogo, benki haikupi mkopo kwa muhogo. Akaja baba mmoja mpole sana, kavaa kandambili na kofia ya kulimia, akasema anatafuta shamba la kulima matikiti. Akachukua udongo akaupondaponda kwenye kiganja akasema mzee udongo wako mzuri una mchanga, tikiti litakubali. Babu akafurahi, maana alikuwa anapenda mtu anayejua udongo. Milioni tatu, wakaenda kwa mwenyekiti wakasaini, mashahidi wawili.

Tikiti halijawahi kupandwa hata moja. Mwaka unaofuata zikaja bikoni. Kumbe yule baba alikuwa na ramani ya barabara kabla mtaani hatujasikia habari ya barabara. Shamba likakatwa vipande vya ishirini kwa ishirini, na kipande kimoja kiliuzwa zaidi ya ile milioni tatu yote. Daraja lilivyofunguliwa 2016 ndo ikawa balaa zaidi. Sasa niambie, yeye kware wake si ndo hayo matikiti?

Nguzo ya Nne:
Pole kwa bibi. Lakini hela ilimtibu au haikumtibu? Kama ilimtibu basi babu alipata alichokuwa anakihitaji siku ile. Mnunuzi hana wajibu wa kukufundisha thamani ya mali yako. Na mimi sijasema Wazaramo wote, nimesema wenyeji, mtu asiniwekee maneno mdomoni.

Mzee wa Pantoni:
Uliposema ngoma na sare ulikuwa unamuongelea nani, Wachaga? Nina miaka 64, nimezaliwa Mjimwema, nimevuka na pantoni kwenda shule mpaka kazini mpaka nimestaafu. Haya maneno ya wenyeji wa Pwani wavivu, wanauza ardhi wacheze ngoma, tumeyasikia tangu tuko wadogo, na kila anayeyasema ukimchunguza kuna kiwanja amekinunua. Mnayahitaji hayo maneno. Mkituita wavivu usingizi unawapata vizuri.

Sisi tuliwapokea watu. Mtu akija anataka kulima unamkatia kipande, shamba unampa, na muhogo wa kuanzia unampa. Hatukuwa na akili ya kwamba ardhi ni hisa za kampuni. Sasa huo ukarimu ndo mnauita ujinga?

Nguzo ya Nne:
Shikamoo mzee wangu. Sijatukana kabila la mtu. Ila na mimi nimeguswa, kwa sababu baba yangu mzazi alikuwa dalali wa viwanja, amenisomesha kwa kazi hiyo, na kila siku mitandaoni na vijiweni dalali ni mwizi, dalali ni tapeli. Baba alikuwa anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, anatembea Chanika mpaka Msongola kwa mguu, viatu vinaisha soli kwa miezi miwili. Hakuiba cha mtu. Ndo maana namtetea Plainview, namuona anavyochafuka na tope naona mtu anayefanya kazi.

Mzee wa Pantoni:
Marahaba. Hapo umeongea kama mtoto wa mtu. Baba yako simjui siwezi kumsemea vibaya.

Kamba Nene:
Mnazunguka tu wakati mwenye makosa zaidi kwenye ile muvi ni Eli. Mchungaji wa uongo yule, anataka hela za visima kwa jina la Mungu. Plainview angalau anasema wazi anachotaka. Mimi siku Plainview anamzaba makofi kwenye tope nilishangilia, nikawakumbuka hawa wetu wa maji na mafuta ya upako.

Mshumaa:
Usitujumlishe. Mimi nimeokoka na sijawahi kununua maji wala mafuta ya mtu. Na Eli alikuja kudai deni halali pale, elfu tano alizoahidiwa. Mtu anadai deni anapigwa mbele za watu, we unashangilia? Ungekuwa wewe unadai kodi yako ya nyumba ukazabwa makofi ungeshangilia?

Halafu kumbuka Eli nae alirudisha. Plainview anataka kupitisha bomba mpaka baharini, limebaki shamba la mzee Bandy ambalo alilidharau mwanzoni, na Bandy anamwambia hela sitaki, nataka ubatizwe kwenye kanisa letu. Pale mbele ya kanisa anapigwa makofi na Eli analazimishwa kupiga kelele kwamba amemtelekeza mwanae. Mimi kile kipande siwezi kukiangalia nimekaa. Anaanza anaigiza, unaona kabisa anataka yaishe apate bomba lake, afu neno la mtoto linavyorudiwa mara ya tatu ya nne uso unabadilika, inamuuma kweli. Kile ndo kipande kilichompa tuzo kwa maoni yangu.

Kamba Nene:
Anaumia wapi, akimaliza si anachekelea bomba.

Mshumaa:
Vyote viwili. Binadamu anaweza kuumia na kuchekelea siku hiyo hiyo.

Fundi Bomba:
Samahani nimechelewa, ila mnajadili wizi wa bei wakati wizi wenyewe mkubwa unaelezwa mwishoni kabisa. Mwaka 1927 Eli anarudi kwa Plainview ana shida ya hela, anataka wauze shamba la Bandy lichimbwe. Plainview anamwambia pale hamna kitu, nimeshayamaliza kupitia visima vyangu vya jirani, anatoa ule mfano wa mrija mrefu unaofika kwenye kinywaji cha mwenzako. Watu wanauchekea ila ni sahihi kitaalamu. Mafuta hayakai chini kama ziwa, yako kwenye vitundu vya mwamba kama maji kwenye sifongo, yamebanwa kwa presha. Ukitoboa kwako presha inashuka, ya kwa jirani yanasogea kuja kwako. Na sheria ya Marekani enzi hizo ilikuwa aliyeyatoa juu ndo mwenye nayo. Kwa hiyo hata ukigoma kuuza, unanyonywa umekaa kibarazani kwako.

Kwetu haiwezekani hivyo. Mafuta na gesi ni mali ya umma, Sheria ya Petroli ya 2015 imesema hivyo. Mwenye shamba analipwa fidia ya ardhi na mazao, kilicho chini sio chake.

Kisarawe Juu:
Asante fundi. Ila hapo umefungua lingine, mwenye shamba akilipwa mnazi na mkorosho wake wakati chini kuna gesi, si bei ya kware ile ile?

Fundi Bomba:
Sio sawa. Bei ya kware ililipwa ili faida iende kwa mtu mmoja. Hapa inatakiwa iende kwa wote. Ikienda au isipoenda ni mjadala mwingine, watu wa Mtwara waliuliza hilo swali mwaka 2013 bomba la gesi lilipokuwa linaletwa Dar na tunajua ilivyokuwa.

Nguzo ya Nne:
Tusiende kwenye siasa. Dada Kibada hajanijibu, bibi alipona?

Binti Kibada:
Alipona. Aliishi miaka mingine mingi, alikuja kwenye harusi yangu. Ndo maana babu hakuwahi kumlaani yule baba. Sisi wajukuu ndo tuna hasira, yeye alikuwa anasema hela ile ilinirudishia mke wangu. Lakini kaka, alikuwa hapiti ile njia. Kutoka nyumbani kwenda msikitini njia fupi inapita palipokuwa shamba, yeye alikuwa anazunguka, mzee wa miaka themanini anazunguka kwenye jua asione ule ukuta. Kwa hiyo usiniulize tu kama hela ilitibu.

Nguzo ya Nne:
Nimekuelewa. Bado nasema sio wizi, ila neno la ngoma na sare nalifuta. Mzee wa Pantoni nisamehe.

Mzee wa Pantoni:
Yamekwisha mwanangu. Ila sio wizi bado hujanishawishi.

Kisarawe Juu:
Mimi sasa hivi kinachonisumbua sio tena bei, ni yule mtoto. H.W. sio mwanae wa kumzaa, baba yake alikufa kisimani Plainview akamchukua. Anazunguka nae kila kijiji, kwenye mikutano anamsimamisha pembeni anasema huyu ni mwanangu na mshirika wangu, biashara yetu ni ya kifamilia. Watu wanaona sura ya mtoto wanalegea. Kisima kilivyolipuka mtoto akawa kiziwi, anapandishwa treni anaachwa. Na mwisho akiwa mkubwa anaambiwa we ulikuwa wa kwenye kapu tu, nilihitaji uso mzuri ninunue ardhi. Je alimpenda au hakumpenda?

Mshumaa:
Alimpenda. Kwenye mlipuko aliacha kisima akakimbia nae mikononi.

Kamba Nene:
Akamlaza afu akarudi kuangalia moto wake, anafurahi chini kuna bahari ya mafuta. Mtoto anamshika asiondoke, anajichomoa.

Binti Kibada:
Mmenikumbusha kitu nilikuwa nimekisahau kabisa, nimekaa hapa mikono inatetemeka. Yule baba wa matikiti alikuja na mtoto. Mara ya pili, siku ya kulipa. Wa kiume, miaka kama tisa, mimi nilikuwa na kumi. Babu alimwambia mjomba apande mnazi, tukamkatia dafu, akamaliza akaomba la pili. Wakati wakubwa wanahesabu hela kwenye mkeka sisi tulikuwa tunachezea makumbi, na akaniuliza hili shamba lote ni la kwenu? Nikamwambia ndio, mpaka kule kwenye mikorosho. Akaangalia kule, afu akamwangalia baba yake, hakusema kitu tena mpaka wanaondoka.

Mpaka leo sijui kama alikuwa anajua.