Programu za kubadilishana wanafunzi: mnatualika sisi viziwi na wasioona wakati hata hamjui nani atamlipa mkalimani!

Wakuu, uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Mimi ni kiziwi, natumia lugha ya alama, nasoma chuo kikuu. Niliomba kwenda nje muhula mmoja kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, nikachaguliwa. Barua ya pongezi ilijaa maneno matamu kuhusu ujumuishi. Nikauliza swali moja tu: wakalimani wangu wa darasani atawalipa nani? Danadana zikaanzia hapo. Chuo changu kikasema ukishafika kule wewe ni mwanafunzi wao, watakuhudumia. Chuo mwenyeji kikasema ada unalipa kwenu, basi na huduma zako zitoke kwenu. Wafadhili wakasema posho yao ni ya nauli, malazi na chakula. Kila barua inamalizia na "tunakutakia kila la heri". Tarehe ikapita, nafasi ikaenda. Aliyechukua nafasi yangu anasikia, sina ugomvi naye.

Kinachoniuma ni kwamba hili jambo halikuwashtukiza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, na ibara ya 24 inaitaja elimu ya juu waziwazi: mtu asibaguliwe, na afanyiwe marekebisho yanayofaa ili asome. Vyuo viwili vikikaa kuandikiana makubaliano vinakumbuka kila kitu: idadi ya wanafunzi, ada, bima ya afya, alama zitahamishwa vipi. Sentensi moja ya kusema mkalimani au msomaji analipwa na upande gani, hakuna. Inaanza kutafutwa siku kiziwi anapochaguliwa, na siku hiyo bajeti za pande zote zimeshafungwa.

Na mtu asiniambie haiwezekani. Erasmus+, mpango wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, una fungu la ujumuishi linalolipa gharama halisi za ziada za mwanafunzi mwenye ulemavu, mpaka asilimia 100, hata za mtu wa kumsindikiza. Ila anayeliomba fungu hilo ni chuo, si mwanafunzi. Ukiangukia kwa ofisa ambaye hajawahi kulisikia, au analijua ila anaona makaratasi yatamchosha, umekwisha. Marekani nako, sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990 inakibana chuo kikupe mkalimani darasani, na haibagui mwanafunzi aliyetoka nchi nyingine. Shirika la Mobility International USA linahangaika na safari za namna hii tangu 1981. Watu wanajua zinavyofanyika. Ofisi nyingi hazijisumbui kuuliza.

Halafu kuna wanaodhani ukishapata mkalimani yeyote kazi imekwisha. Ofisa mmoja aliniandikia kwa furaha kwamba wamempata "mtu anayejua alama". Alama za wapi? Mwingereza na Mmarekani wanaosikia wanaongea bila shida, lakini viziwi wa Uingereza na wa Marekani wana lugha za alama tofauti kabisa. Ya Marekani ina undugu na ya Ufaransa, tangu Laurent Clerc, kiziwi, alipotoka Ufaransa na kuanzisha shule Hartford mwaka 1817 pamoja na Thomas Gallaudet. Hata kutaja herufi kwa vidole, Waingereza wanatumia mikono miwili, Wamarekani mmoja.

Na huyo mtu wao atatafsiri mhadhara wa saa mbili peke yake? Kazi hii wanafanya wawili wakipokezana kila dakika 20 hivi, kwa sababu akili inachoka na makosa yanaanza kuingia. Nilipolisema hilo nikaonekana nataka anasa. Nikashauriwa nitumie maandishi ya papo kwa papo kwenye simu. Haya, jaribuni nyie! Kaeni kwenye semina ambayo watu wanakatizana, maneno ya kitaalamu yanatokea kwenye kioo yakiwa vichekesho vitupu, hujui nani kasema nini, na ukimaliza kusoma swali wenzako wameshahamia swali lingine. Na mimi nikitaka kujibu, simu itaisoma mikono yangu?

Wengine wanajifanya wastaarabu: "Kwa nini usiende Gallaudet?" Naiheshimu sana Gallaudet, chuo kikuu cha viziwi kule Marekani. Hati yake ilisainiwa na Rais Lincoln mwaka 1864, na mwaka 1988 wanafunzi walifunga mageti mpaka wakapata rais wa chuo wa kwanza kiziwi, I. King Jordan. Japani kuna Tsukuba University of Technology, iliyoanzishwa mahsusi kwa ajili ya viziwi na wasioona. Ni vyuo vizuri. Lakini maabara ninayoihitaji mimi iko kwingine, na mwanafunzi anayesikia hapangiwi chuo kwa kuangaliwa masikio.

Oh, na cheti cha lugha. Nilidaiwa alama za kusikiliza. Kiziwi! Mitihani mikubwa ya Kiingereza kama IELTS ina utaratibu maalumu kwa viziwi, nikawaeleza, wakanijibu mfumo wao haukubali kisanduku kikiwa kitupu.

Rafiki yangu asiyeona ameniruhusu niweke na yake. Fomu yake ya maombi ilikuwa karatasi iliyopigwa skani. Anatumia NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini. Anafungua ukurasa wa kwanza, anaambiwa "picha". Wa pili, "picha". Mpaka wa mwisho, na hakuna hata sehemu moja anayoweza kuandika. Akaomba fomu nyingine, ikachukua muda, akajaza mwenyewe. Anafika kwenye kutuma, anakuta kile kifumbo cha kuchagua picha zenye taa za barabarani ili athibitishe kwamba yeye si roboti. Akaita mtu amchagulie.

Yeye alifanikiwa kwenda. Aliomba vitabu vya kozi mapema, viwe faili linalosomeka, mkutubi akamjibu sheria ya hakimiliki hairuhusu. Jamani, Mkataba wa Marrakesh wa 2013 ulitungwa kwa ajili ya hilo hilo! Unaruhusu taasisi zilizoidhinishwa kugeuza kitabu kuwa nukta nundu au faili linalosomeka, na kukivusha mpaka kwenda nchi nyingine iliyoridhia, bila kupiga magoti kwa mchapishaji. Nchi ile imeridhia. Mkutubi hakuwa na habari. Vitabu vilipofika mitihani ilikuwa mlangoni, na kwenye ripoti yao ya mwisho wakaandika kwamba mwanafunzi "alipata changamoto za kuzoea mazingira". Alizoea mazingira vizuri tu, mpaka vichochoro vya chuo alivijua kwa fimbo yake. Alichokosa ni vitabu.

Sitaki hata kuanza habari ya mabweni ambayo king'ora cha moto kina sauti tu, hakina taa ya kumulika wala kifaa cha kutikisa kitanda. Niliuliza nikiwa bado nina matumaini. Nikaambiwa mwenzangu wa chumba ataniamsha. Na akilala kwingine siku hiyo?

Ninachokitaka ni hiyo sentensi moja ndani ya makubaliano, kabla tangazo halijabandikwa: gharama hizi zinalipwa na fulani, na anayeziombea pesa ni ofisi fulani. Wasipoiandika, waache kuweka picha ya mtu mwenye fimbo nyeupe kwenye vipeperushi vyao.

Kama kuna kiziwi au asiyeona humu aliyekwenda nje kwa programu ya namna hii na wakalimani au vitabu vikalipiwa bila kuhangaishwa, naomba aseme chuo chake kiliandika nini kwenye makubaliano, maneno yenyewe kama yalivyo. Maombi ya awamu nyingine yamefunguliwa, na safari hii naenda ofisini na hayo maneno mkononi. Na nyie mnaofanya kazi kwenye hizo ofisi za kimataifa za vyuo, najua mnasoma humu. Karibuni mjibu.