Nyavu za madirisha zimeoza, nyumba iko karibu na bahari: ninunue aina gani na kiasi gani?

Mkazi wa Kigamboni

Wakuu, habari za muda huu. Nina madirisha 7 ya alumini ya kusukuma, kila moja mita 1.5 kwa 1.2, reli tatu: mbili za vioo, moja ya wavu. Nyavu ni za waya wa alumini, sasa zinatoa unga mweupe na ukizibonyeza kwa kidole zinatoboka. Jikoni kuna madirisha 2 ya mbao, sentimita 60 kwa 90, waya wake umekula kutu. Baharini hapafiki nusu kilomita.

Fremu ya wavu ina upana wa sentimita 75 na urefu wa 115. Zote ziko imara ila moja imepinda. Fundi anataka kubadilisha fremu zote saba. Kuna haja? Na dukani niombe wavu gani, mita ngapi?

Msumeno

Fremu sita usiguse, badilisha wavu na raba tu, yaani ule uzi wa mpira unaoubana wavu ndani ya mfereji wa fremu. Fremu inafaa kutupwa kona zikiwa zimevunjika, au mfereji wa raba umepanuka kiasi kwamba raba mpya haishiki. Hata hiyo iliyopinda iangalie vizuri kwanza. Ikiwa pande mbili ndefu zimeingia ndani katikati, kama kiuno, ujue aliyefunga mara ya mwisho aliuvuta wavu kupita kiasi. Ukiutoa, mara nyingi inarudi yenyewe.

Wavu: kwa umbali huo wa bahari achana na waya wa alumini. Chumvi ndiyo iliyokutolea huo unga. Chukua faibaglasi, yaani uzi wa kioo uliofunikwa plastiki. Haushiki kutu, unakatika kwa kisu, na ukikunjika haubaki na alama kama waya. Rangi nyeusi au kijivu. Mweupe unarudisha mwanga machoni, mchana huoni nje vizuri.

Mjenzi Mwenyewe

Mimi ningesema stenlesi kote, yaani waya wa chuma kisichoshika kutu kirahisi, umalize kazi. Paka hachani, panya hatoboi.

Msumeno

@Mjenzi Mwenyewe, kwenye fremu ya mbao sawa kabisa. Kwenye fremu ya alumini karibu na bahari, hapana. Metali hizo mbili zikigusana na maji ya chumvi yakapita katikati, inayoliwa ni alumini. Wavu utabaki unang'aa na mfereji wa fremu utageuka unga. Kama tatizo ni paka, kuna wavu mnene wa polista uliofunikwa plastiki, mgumu kuliko faibaglasi. Ila uzi wake ni mnene, upepo unapungua, na raba inabidi iwe nyembamba kidogo ili vyote viwili viingie mferejini.

Jikoni kwenye mbao ndipo pa stenlesi, daraja la 316. Lile la 304 karibu na bahari huanza kupata madoa ya kahawia. Faibaglasi jikoni ikiwa karibu na moto hulegea, na mafuta yakigandia ni kazi kuyatoa.

Binti Pwani

Mkuu, usitaje jina la wavu tu dukani, upime. Weka rula juu ya wavu uhesabu nyuzi ndani ya inchi moja, upande wa kwanza kisha wa pili. Unaotakiwa ni 18 kwa 16. Tundu lake ni kama milimita 1.1 kwa 1.3, mbu hapiti. Ukihesabu 14 kwa 14, tundu linafika milimita 1.5, mwachie muuzaji. Usubi, wale wadogo wa jioni, wanapita hata kwenye 18 kwa 16. Kama wanakusumbua tafuta 20 kwa 20, ila nyumba itakuwa na joto zaidi na vumbi litaziba matundu mapema, kwa hiyo vyumba vya kulala tu vinatosha.

Jambo la pili: plastiki tupu inauzwa kwa jina la faibaglasi. Omba kipande kidogo, kiwashe kiberiti. Plastiki tupu inayeyuka na kudondoka tone. Faibaglasi, ile plastiki ya juu inaungua lakini uzi mweupe wa kioo unabaki. Kisha sukuma uzi mmoja kwa ukucha: nyuzi zikiteleza na tundu kupanuka, pale zinapopishana hazijashikana vizuri. Plastiki tupu kwenye jua la upande wa magharibi inakauka na kuvunjika kama jani.

Kwa stenlesi beba sumaku. Waya wa chuma wa kawaida uliopakwa zinki unanata kwa nguvu. Stenlesi haivutwi, au inavutwa kidogo sana kwa sababu ilinyooshwa kwa nguvu ilipofanywa waya mwembamba, hilo lisikutie shaka. Ila sumaku haikuambii kama ni 304 au 316. Hapo ni karatasi ya kiwandani au imani yako kwa muuzaji.

Kipimo

Hesabu sasa. Kila fremu ongeza sentimita 5 kila upande: 85 kwa 125. Upana wa jora ndio unaoamua.

Jora la mita 1: 85 inaingia kwenye upana, unakata urefu 1.25 mara 7, ni mita 8.75. Jora la mita 1.5: unaligeuza, 125 inakaa kwenye upana, unakata 0.85 mara 7, ni mita 5.95. Jora la mita 1.2 ndilo la hasara hapa: 125 haiingii kwenye upana, kwa hiyo unakata mita 8.75 zilezile huku kipande cha sentimita 35 ubavuni kinabaki hakina kazi. Na ndilo utakalopewa kama hukusema.

Nunua mita 10 za jora la mita 1, au 7 za jora la 1.5. Ziada ni ya fremu moja utakayoiharibu. Hata mafundi huharibu.

Raba: mzunguko wa fremu ni mita 3.8, mara 7 ni 26.6. Chukua mita 30. Unene usibahatishe. Raba ya zamani imesinyaa, ukipeleka kipande chake tu utapewa nyembamba. Nenda na fremu moja dukani, ujaribu palepale pamoja na wavu. Inayoingia kwa kidole itatoka yenyewe upepo wa kusi ukivuma. Inayotaka nyundo itaipasua fremu. Sahihi ni ile inayokataa kidole na kukubali kigurudumu cha kukandamizia raba.

Jikoni: kipande cha 66 kwa 96 kila dirisha. Kwenye upana wa mita 1 ni mita 1.32 kwa yote mawili.

Mkazi wa Kigamboni

Nimewaelewa sana. Naweza kufunga mwenyewe? Na nyavu zenyewe nazitoaje, ndani kuna grili.

Msumeno

Kwa grili ya ndani utazitolea nje. Inua fremu iingie juu kwenye mfereji, vuta upande wa chini kwako, shusha. Ikigoma, reli imejaa mchanga. Fagia kwanza, usitumie bisibisi kama mtaimbo. Ghorofani usijaribu peke yako.

Kufunga: laza fremu kwenye ubao bapa, pigilia vipande viwili vya mbao vikigusa upande wa ndani wa zile pande ndefu, visizuie mfereji. Hivyo ndivyo vinavyozuia kile kiuno. Tandaza wavu nyuzi zikiwa sambamba na fremu, kata kona nne kwa mshazari ili usijikunje. Anzia konani, upande mrefu, kanyaga raba kwa kigurudumu chenye mfereji katikati. Zunguka upande kwa upande. Mkono wa pili unyooshe wavu tu, usivute. Raba ikizama inaukaza yenyewe. Faibaglasi ikionekana kulegea kidogo kabla ya upande wa mwisho, ni kawaida.

Kukata mabaki ndipo wengi wanapolia. Wembe mpya, upite ukingo wa nje wa raba, ncha ikielekea nje ya fremu. Ukipita upande wa ndani umekata wavu wenyewe na unaanza upya.

Jikoni kwenye mbao: stepla ya mafundi sofa, pini za stenlesi kila sentimita 5, anzia katikati ya kila upande kuelekea kona, halafu funika kwa vijiti bapa vya mbao. Pini za kawaida zitaota kutu na kuacha mistari kwenye rangi.

Binti Pwani

Ongeza brashi, ile manyoya ya ubavuni mwa fremu. Ikilala, mbu wanapita hata wavu ukiwa mpya. Inauzwa kwa mita, inachomekwa kwenye mfereji wake. Urefu wa 115 mara 7, chukua mita 9. Na kioo ukifungue chote mpaka mwisho au ukifunge. Kikiachwa nusu, ubavu wa kioo haukutani na ubavu wa wavu, panabaki njia ya kidole kizima toka juu hadi chini.

Vile vitundu vya chini kwenye reli usivizibe kwa silikoni ukidhani unazuia siafu. Ni vya kutolea maji ya mvua. Ukiviziba maji yanaingia sebuleni.