Acheni kumwita John Gotti "mwamba", mnawaficha watu aliowaumiza

Wakuu, leo mnivumilie, nimekereka kwelikweli. Wiki nzima kila nikishika simu nakutana na simulizi za John Gotti, yule aliyekuwa bosi wa mafia, magenge ya uhalifu ya New York. Picha ni ileile: suti ya Kiitaliano, nywele zimechanwa nyuma, tabasamu. Chini yake wameandika "mwamba wa New York", "kidume aliyeishinda serikali", "hakuwahi kumsaliti mtu". Jana mdogo wangu wa kidato cha tatu kanisomea moja kwa sauti huku macho yanamng'aa. Hapo nikasema basi, leo lazima niseme.

Msimulizi, ulipofika kwenye kesi zake ukaandika mstari mmoja tu, eti alishinda tatu mfululizo. Mbona ulikimbia? Ya kwanza ilikuwa ya fundi friji. Mwaka 1984, mtaa wa Maspeth huko Queens, fundi huyo alikuta gari limeegeshwa hovyo mbele ya baa, limemzibia njia. Akapiga honi. Akatoka mtu, akamzaba, akamchomolea mfukoni dola 325, mshahara wake wa wiki. Gotti naye akatoka akamnasa kibao. Fundi hakuwa anamjua, akaita polisi, akawaonyesha kwa kidole.

Ilipofika Machi 1986 kesi inasikilizwa, Gotti keshakuwa bosi wa familia ya Gambino, moja ya magenge hayo ya mafia, na sura yake imejaa magazetini. Sasa fundi kajua ni nani aliyempiga. Akaulizwa kizimbani kama waliompiga anawaona humo ndani. Akasema hawaoni, ni zamani, hakumbuki. Kesi ikafia hapo. Magazeti ya New York yakafanya utani wa maneno kwa jina la Gotti na neno la kusahau, watu wakacheka. Mimi nikimfikiria yule mtu anayetoka jasho akiziba friji za watu, kaporwa mshahara, halafu analazimika kusema mbele ya hakimu kwamba amesahau, sioni cha kuchekesha hata kidogo. Huo ndio ushindi wenu wa kwanza.

Wa pili, Machi 1987, ulinunuliwa. Huko kesi kama hizo huamuliwa na jopo la raia wa kawaida, na mmoja wao alikuwa kalamba dola 60,000. Baadaye naye alitiwa hatiani. Kwa hiyo lile jina lake la utani la Teflon, yaani kesi hazimgandi kama chakula kisivyoganda kwenye kikaango cha teflon, siyo ujanja wake. Ni hongo na vitisho.

Halafu hili la "hakusaliti" ndilo linalonichoma zaidi. Tarehe 16 Desemba 1985, nje ya mgahawa wa Sparks pale Manhattan, Paul Castellano alipigwa risasi akishuka kwenye gari, yeye na msaidizi wake Thomas Bilotti. Castellano alikuwa bosi wake Gotti, yule aliyeapa kumtii. Gotti alikuwa wapi? Kakaa ndani ya gari karibu na hapo na mwenzake wa genge, Sammy Gravano, anatazama wengine wakimfanyia kazi. Wakimaliza, yeye na Gravano wakapita polepole kuangalia maiti. Huo ndio uaminifu mnaowafundisha wadogo zetu?

Na Louis DiBono, mtu wa genge lake mwenyewe? FBI walitega vinasa sauti kwenye nyumba iliyo juu ya klabu ya Ravenite, kijiwe cha Gotti pale Mulberry Street, Manhattan, wakamsikia Gotti mwenyewe akisema DiBono atakufa kwa sababu aliitwa akagoma kuja. Kosa ni hilo tu, kuitwa akagoma. Oktoba 1990 maiti yake ilikutwa ndani ya gari, maegesho ya chini ya World Trade Center.

Najua mtaniambia kila tarehe 4 Julai alilisha mtaa mzima wa Ozone Park na kurusha fataki. Alilisha kwa hela ya nani? Huyu alianza na kuteka mizigo ya uwanja wa ndege, mwaka 1968 akakamatwa kwa hiyo hiyo. Mwizi akikurudishia soda moja kwenye kreti aliyokuibia, unamshukuru?

Sasa nije kwa jirani yake Gotti. Machi 1980 mtoto wa Gotti wa miaka 12 aliingia barabarani na kipikipiki huko Howard Beach, akagongwa na gari la jirani, akafariki. Msiba mzito, hakuna mzazi anayeuombea. Polisi walisema ni ajali. Jirani akaanza kupata vitisho, gari lake likaandikwa "muuaji" kwa rangi. Akaamua kuuza nyumba, ahame yeye na mke na watoto. Tarehe 28 Julai, akitoka kazini, akatekwa. Gotti na familia yake walikuwa Florida. Hakuna aliyehukumiwa kwa hilo.

Gotti alitiwa hatiani 2 Aprili 1992 baada ya Gravano kumgeuka na kutoa ushahidi dhidi yake, akafungwa maisha, akafa kwa saratani ya koo gerezani Juni 2002, akazikwa Queens makaburi ya St. John. Yule jirani mpaka leo mwili wake haujaonekana.

Msimulizi, umeahidi sehemu ya pili Ijumaa. Anza na huyo jirani.