Motisha ya fedha zahanati: tugawe vipi bila kuvuruga watumishi?

Mwanaziwa
Wakuu, heshima kwenu. Zahanati ipo kisiwani, Ukerewe. Watumishi 10: matabibu 2, wauguzi 3, wa maabara 1, wahudumu wa afya 2, mlinzi na mfanya usafi. Kamati ya usimamizi inataka kutenga hadi 1,250,000 kwa robo mwaka iwe motisha. Lengo ni kina mama wajifungulie kituoni na wajawazito waanze kliniki kabla ya wiki 12. Mezani kuna mawili: kugawana sawa kwa sawa, au muuguzi alipwe kwa kila mama aliyemzalisha. Lipi lina nafuu?

Kitabu Namba 12
Hilo la pili lifuteni leo. Ukilipa kwa kila kichwa, mama mwenye uchungu uliokwama atabakizwa wodini wakati boti ya kwenda hospitali ya wilaya, Nansio, ipo, kwa sababu akipewa rufaa hesabu imepotea. Kama lazima mhesabu, rufaa iliyotoka kwa wakati, partografu (chati ya kufuatilia uchungu) ikiwa imejazwa, ipate alama sawa na kuzalisha.

Wiki 12 nayo ina mchezo wake. Tarehe ya hedhi ya mwisho "inarekebishwa" na mama wa wiki 20 anaingia kitabu namba 6, rejista ya wajawazito, akiwa na wiki 11. Anayehakiki alinganishe na kimo cha mfuko wa uzazi: ukiwa umefika kitovuni ni wiki 20 hivi, hakuna wiki 11 hapo. Na mhakiki asitoke ndani ya zahanati hiyohiyo, mtaoneana haya.

Fundi Hesabu
Sawa kwa sawa pia inaumiza, maana mtoro na aliyekesha zamu wanaondoka na bahasha moja. Fanyeni hivi.

Kwanza fuko lifungwe kwenye alama ya ubora ya kituo kizima (usafi, vitabu vya MTUHA yaani rejista za takwimu za huduma, partografu, dawa muhimu kuwepo). Mkipata 80%, fuko ni 1,000,000, si 1,250,000.

Pili, uzito wa kazi: mtaalamu 3, mhudumu wa afya 2, mlinzi na mfanya usafi 1.5. Wataalamu 6 wanaleta 18, wahudumu 4, wawili wa mwisho 3. Jumla 25, kila alama 40,000.

Tatu, zidisha kwa mahudhurio. Muuguzi aliyefanya siku 48 kati ya 60 alizopangiwa anabaki na 2.4. Jumla inashuka hadi 24.4, alama moja inakuwa kama 40,980. Yeye anapata takriban 98,360, mlinzi aliyetimiza zote 61,470. Alichopoteza mtoro kinagawanywa kwa waliokuwepo, na ndipo watu wanaanza kulindana zamu wenyewe.

Mlinzi msimwache nje. Saa nane za usiku mama anapokutana na geti limefungwa, mkunga hodari hana msaada.

Bukoba Road
Niongeze la kihistoria. Mkoa wa Pwani walianza malipo kwa ufanisi mwaka 2011, na tathmini ikaonyesha kujifungulia vituoni kulipanda kwa asilimia 8.2 zaidi ya maeneo ya kulinganisha. Kwa hiyo fedha inasukuma, tusidanganyane. Ila haisukumi kila kitu. RBF, mpango wa malipo kwa matokeo, iliyoanzia Kishapu mkoani Shinyanga 2015 na baadaye kuingia Mwanza iliweka sehemu kubwa, asilimia 75, kwenye kuboresha kituo, na 25 kwa watumishi. Motisha bila oksitosini (dawa ya kuzuia mama asivuje damu) na glavu ni kumlipa mtu akasirike vizuri.

Hatari kubwa kuliko zote ni kuchelewa. Ahadi ya Machi ikilipwa Septemba, mtumishi hajui tena alilipwa kwa lipi, na ari inashuka chini ya ilipokuwa kabla ya ahadi. Bora kidogo kinachotoka ndani ya wiki 3 baada ya robo kufungwa.

Sauti ya Zamu
Mimi napinga fuko lote. Watumishi wana madai ya posho za kuitwa usiku, nyumba inavuja, taa ya sola imekufa. Lipeni stahili kwanza. Mtu anayedai haki yake ukimpa motisha ataihesabu kuwa sehemu ya deni.

Fundi Hesabu
Una hoja, ila posho hizo haziko mikononi mwa kamati ya zahanati. Sola iko. Tengeni robo ya kwanza yote kwa sola na maji, fuko lianze robo ya pili.

Mwanaziwa
Shukrani. Aliye mafunzoni au likizo ya uzazi tunamhesabuje?

Kitabu Namba 12
Mafunzo aliyotumwa na halmashauri ni siku za kazi. Likizo ya uzazi ondoeni kwenye siku alizopangiwa, na uzito wake upungue kwa uwiano wa miezi aliyokuwepo: mwezi 1 kati ya 3, muuguzi anabaki na alama 1. Yaandikeni kabla ya robo kuanza na karatasi ya mgao ibandikwe ukutani. Na kabla ya senti kutoka, kipengele kiwe kwenye mpango na bajeti ya zahanati, muhtasari wa kamati usainiwe, halmashauri iridhie kwa maandishi. Mkaguzi hasomi nia njema, anasoma hati ya malipo.