Anayelipwa kamisheni aseme mapema, au ni siri yake?

Wadau wa Nyanda za Juu Kusini, naleta hoja. Vijana wengi hapa Mbeya sasa wanaandika tathmini za bidhaa mtandaoni: simu, paneli za sola, pampu za kupulizia dawa. Wanaweka linki, na ukinunua kupitia hiyo linki muuzaji anawalipa kamisheni. Je, msomaji aambiwe hilo kabla hajaanza kusoma?

Mimi nasema aambiwe, tena juu kabisa. Mkulima wa viazi kule Uporoto akitafuta pampu ya mgongoni ya lita 16 anategemea neno la aliyekwisha kuitumia. Baka chelewa, ule ugonjwa wa viazi, haisubiri. Nozo (ncha inayonyunyiza dawa) ikiziba au pampu ikianza kuvuja katikati ya mvua za Januari, shamba linaweza kwisha ndani ya siku chache. Na anayemwandikia "hii ndiyo bora kuliko zote" mara nyingi hajawahi hata kuibeba: kanakili maelezo ya kiwandani, picha nazo za kiwandani. Akisema "usinunue", halipwi. Shida yote iko hapo.

Marekani, ambako Amazon ilianza kulipa kamisheni za namna hii mwaka 1996, mwongozo wa FTC, tume ya serikali inayolinda walaji, unataka mwandishi aweke maslahi yake wazi, na tangu Oktoba 2024 ipo kanuni inayokataza tathmini za kughushi. Sisi tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mlaji. Tuanzie hapo.

Mchangiaji, Mafinga: Sikubaliani, kaka. Dalali wa soko la Mwanjelwa ana chake na hakuna anayemdai maelezo. Kamisheni inatoka kwa muuzaji, mnunuzi haongezewi bei. Ukianza na "nalipwa", msomaji anahamia kwa mwongo aliyenyamaza. Mnamwadhibu mkweli.

Mleta hoja: Hoja yako ya mkweli kuumia ni nzito, dada. Ila dalali tunamjua kuwa ni dalali, na bei unapatana naye uso kwa uso. Mwandishi wa tathmini anakuja kama mkulima mwenzako. Mkweli aeleze pampu aliitumia kwenye zao gani na kwa muda gani, inavujia wapi, nani asiinunue, vipuri vinapatikana Mbeya mjini au mpaka viagizwe Dar, na bei aliyoandika ni ya mwezi gani. Mwongo atayatoa wapi hayo?

Mchangiaji, Mafinga: Kasoro na vipuri nakubali viandikwe. Lakini sentensi ya kamisheni ikae mwisho. Msomaji aone kwanza kazi niliyofanya, ndipo anihukumu.

Mleta hoja: Mwisho hafiki, dada. Wengi wanasoma kwenye simu, bando linakaribia kuisha, wanabonyeza linki ya kwanza wanayoiona. Kama hutaki iwe juu ya ukurasa, basi iwe juu ya hiyo linki ya kwanza. Chini ya hapo sishuki.